Madirisha ya Mzee Jaribio

Umeme wa gridi ulipofika Kasulu, watu walipiga vigelegele mpaka barabarani, na Loyce alipiga pamoja nao.

Kabla ya hapo, enzi za mashine za dizeli, umeme ulikuwa kama mgeni wa harusi asiyealikwa: anafika akitaka, anakula, anaondoka bila kuaga. Mtu akija kutoa fotokopi ya cheti kwenye steshenari ya Nurudini alisimama mlangoni akauliza kwanza, "Upo?" wala hakuna aliyemuuliza nani. Kompyuta zilizimika zenyewe alasiri, zote kwa mpigo, na chochote kilichokuwa kimefunguliwa kikaenda nazo. Asubuhi ukiziwasha zilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Watu wa steshenari walizoea hivyo hata wakaacha kufunga vitu. Ya nini ujisumbue kufunga, na umeme unakuja kukufungia?

"Huyu ndiye hausigeli wetu," Shadia alikuwa akisema kila umeme ukikatika. "Anafagia nyumba nzima, halafu hadai hata chumvi."

Shadia alikuwa mtoto wa kaka yake Nurudini. Alikuja kutoka Ujiji na diploma yake ya kompyuta, mabaibui yake ya rangi rangi, na mdomo ambao ungeweza kumuuzia mvuvi dagaa. Loyce yeye alitoka Muyama, kwenye maharage na baridi ya mlimani. Shule yake iliishia darasa la saba. Baada ya hapo alishika jembe na mama yake mpaka Nurudini alipotafuta msichana wa kuuza kalamu na madaftari. Hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya kompyuta. Lakini Loyce alikuwa na jicho. Alikuwa mtu wa kukaa kimya akatazama, na kitu akikitazama mara mbili tatu kinamkaa.

Jicho hilo aliligundua Shadia. Siku moja alikuwa anahangaika kutafuta alikoiweka kazi ya mteja, Loyce akasema toka nyuma ya kaunta, bila kuinua kichwa, "Umeitia kwenye lile folda la picha za harusi, dada." Shadia akafungua, akaikuta. Akageuka na kiti chake.

"Wewe! Kumbe unaniangalia mkono?"

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Sogeza kiti huku, shoga."

Basi ikawa hivyo. Baada ya muda wakawa wanakaa chumba kimoja mtaa wa Murubona, wanakula sahani moja, Shadia akilalamika kwamba ugali wa muhogo wa Waha unamganda kooni, na huku akiumaliza. Alipougua homa ya matumbo, Loyce ndiye aliyempikia uji na kumwogesha na kumfulia, akimwambia Nurudini kwamba shangazi yake Shadia wa Ujiji asisumbuliwe, mgonjwa ana ndugu hapa hapa. Shadia alipopona alimkamata mikono yote miwili akasema, "Wewe si rafiki. Wewe ni damu." Loyce aliliweka neno hilo moyoni kama mtu anavyoweka mbegu.

Kisha ikaja kazi ya asali.

Chama cha warina asali cha huko Kibondo kilitaka tovuti yao wenyewe, mahali ambapo mrina anaandika ana ndoo ngapi za asali na mnunuzi wa Mwanza au Dar anaona na kupiga simu. Walikuwa na sababu. Miaka ya nyuma dalali mmoja aliwahi kuwauzia watu mbalimbali asali ileile kwa jina la chama, na tangu hapo mnunuzi akisikia jina hilo alikuwa anacheka. Mwenyekiti wao, mzee Venanti, alikuja Kasulu mwenyewe, akamwambia Nurudini: tunataka kitu ambacho mtu akikitazama ataona ukweli. Nurudini akampa kazi Shadia.

Tovuti haifunguliwi hivi hivi. Ni lazima ijaribiwe, tena kila siku, kwa sababu ukigusa huku unaharibu kule. Kujaribu kwa mkono kunachosha: uingie, ujaze jina, uweke picha ya ndoo, ubonyeze, utoke, halafu uanze tena. Kwa hiyo Shadia aliandika skripti, yaani maelekezo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe mstari kwa mstari. Ukiiachia, brauza inafunguka bila mtu kugusa, maneno yanajiandika, vitufe vinajibonyeza. Mara ya kwanza Loyce alipoona alirudi nyuma na kiti.

"Nani anaandika?"

"Mzee Jaribio," Shadia akasema. Ndilo jina alilompa yule mrina wa uongo anayeingia kwenye tovuti. "Mzee Jaribio, mfuga nyuki hodari, ana ndoo moja ya asali anayoiuza tangu mwezi uliopita na bado inamjaa."

"Hachoki?"

"Hachoki, haumwi na nyuki, wala hajui kuomba chai. Ningempata wa kuolewa naye wa namna hiyo!"

Kazi ya Loyce ikawa kumwangalia Mzee Jaribio. Akikwama, aseme amekwama wapi. "Leo ameishia kwenye picha," angesema. Au, "Amebonyeza ile ya kijani, haikuitika." Shadia alipenda taarifa zake kwa kuwa hazikuwa na chumvi. Na Loyce, kwa kutazama, akaanza kuijua ile mistari. Hakujua Kiingereza chake, ila alijua huu unafungua, huu unajaza, huu unasubiri. Wa mwisho kabisa ulikuwa wa kufunga. Ukifika pale, brauza inajifunga, na kila kilichokuwa nyuma yake kinaondoka, kompyuta inapumua.

Siku moja alimwona Shadia akiweka alama mbele ya mstari ule wa mwisho.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ili mashine iuruke. Isifunge."

"Kwa nini?"

"Nikija nataka kuukuta ukurasa ulivyobaki, nione mwenyewe. Ikifunga, ushahidi umekwenda."

"Na hayo madirisha yatakayobaki wazi?"

Shadia akacheka. "Hausigeli si yupo? Alasiri atayafagia."

Ikawa kweli. Alasiri umeme ulikatika, yakaenda yote.

Ndipo siku hizo mzee Venanti alipopiga simu kusema kwamba tovuti ikifunguliwa, chama kitataka mtu mmoja wa kukaa kwenye ofisi yao Kibondo. Awe anaiangalia mashine, na awasaidie wazee wasiojua kuchapa. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na Loyce alisikia kwa masikio yake Shadia akijibu, "Mtu ninaye, mwenyekiti. Tena anaongea Kiha chenu, wazee hawatapata tabu. Anaitwa Loyce." Alipokata simu alimkonyeza. "Unalia nini sasa? Nenda kafute kamasi, wateja wanakuja."

Loyce alimpigia mama yake Muyama. Mama yake akauliza, kwani utakuwa na kiti chako? Loyce akasema ndiyo, mama, na meza. Hadi jioni kitongoji kizima kilikuwa kimejua kwamba binti wa Josephina amepata ofisi Kibondo. Kitu kama hicho kikishatangazwa kwenu, hakirudishwi mfukoni.

Halafu gridi ikaja, na vigelegele vile. Na umeme ukaacha kukatika.

Ni nani angelalamikia hilo? Wenye mashine za kukoboa walifurahi, wenye saluni walifurahi. Nurudini alinunua friji ya soda akaiweka mlangoni. Shadia naye aliipanga skripti ijianzishe yenyewe, asubuhi na mchana na jioni, na akaagiza ile kompyuta ya asali isizimwe kamwe, si alasiri, si wakati wa kufunga duka. Mzee Jaribio akawa anafanya kazi hata watu wakiwa hawapo.

Loyce ndiye aliyeyaona madirisha. Pale chini ya skrini, brauza moja ilikuwa imekaa, kisha ya pili kando yake, kisha mstari mzima, na kila moja ndani yake Mzee Jaribio na ndoo yake. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma kama mtu mwenye pumu anayepanda mlima. Ukiisukuma mausi, kishale kinafika kimechelewa.

"Shadia, yamejaa."

"Yapi?"

"Ya Mzee Jaribio. Umeme haukatiki tena, yanabaki. Niyafunge kwa mkono?"

"Usiguse, Loyce. Sijayaangalia bado."

"Basi ile alama uitoe, ile ya kwenye mstari wa..."

"Nitaitoa. Wee, unanifundisha kazi?" Alisema kwa kucheka, akampiga Loyce kibao laini begani. "Umeme wenyewe utakatika tu. Hii ni Kasulu, shoga, si Ulaya."

Loyce hakugusa. Alirudia kusema kesho yake, na siku nyingine tena, hadi Shadia akaanza kuvuta pumzi kabla hajajibu. Basi akanyamaza. Kila mtu ana mahali pake pa kunyamaza, na Loyce alipajua pake.

*

Siku ya kuonyesha, warina asali walikuja kwa gari la Noah kutoka Kibondo, wamevaa makoti yao ya kwenda kanisani. Nurudini alitundika shuka jeupe ukutani kwa ajili ya projekta, akagawa soda na maandazi. Mzee Venanti alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini na masikio magumu yaliyoumwa na nyuki mpaka yakazoea. Loyce alimwamkia Kiha, "Mwakeye," naye akaitika kwa furaha, akawageukia wenzake. "Ego! Huyu ndiye niliyewaambia. Huyu ndiye atakayekaa na sisi."

Nurudini akasimama, akajisafisha koo. "Karibuni wazee wangu. Siku hizi Kasulu umeme haukatiki, mtaona kazi mwanzo mpaka mwisho."

Shadia akaketi kwenye kompyuta. Akaiachia skripti. Shukani ikatokea brauza mpya, nyeupe, ikabaki nyeupe. Akasukuma mausi, kishale hakikusogea. Feni ikaunguruma mpaka mzee mmoja akaangalia dari. Shadia akabonyeza, akabonyeza tena, na kwa kubonyeza huko madirisha yote yakaanza kujitokeza shukani moja juu ya jingine, polepole, kama kadi mtu anazozimwaga mezani. Mzee Jaribio, ndoo moja. Mzee Jaribio, ndoo moja. Mzee Jaribio, ndoo moja. Kisha kompyuta ikaganda, na picha hiyo ikabaki pale ukutani.

"Huyu Jaribio ni wa kijiji gani?" mzee mmoja akauliza. "Mimi simjui."

Wenzake wakacheka. Mzee Venanti hakucheka.

"Mbona ndoo ni ileile?" akasema. "Anaiuza mara ngapi?"

Kicheko kikakatika. Nurudini akamtazama mtoto wa kaka yake. Loyce naye akamtazama, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: Shadia hana neno. Mdomo ule wote, na hauna neno. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Halafu tabasamu likarudi.

"Jamani wazee wangu, hamna wizi hapa," Shadia akasema. "Ni majaribio haya, si mtu wa kweli. Ila yalitakiwa yafungwe. Mwenzangu huyu," na akamnyooshea Loyce kiganja, kwa upole, kama anayemtambulisha mgeni, "kila jioni namwambia, shoga, funga brauza kabla hujaondoka. Sasa ndiyo hivyo tena, darasa la saba. Tumvumilie, anajifunza."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema kwa Kiha, akidhani anasema chini, kwamba na huyu ndiye waliyetaka kumpa mashine yao.

Mzee Venanti alimgeukia Loyce, akamuuliza kwa sauti ile ile ya chini, "Ni kweli, mwanangu? Ni wewe uliyeacha wazi?"

Mtu angemuuliza Loyce baadaye kwa nini hakujibu, angeshindwa kueleza vizuri. Alimwangalia Shadia. Nyuma ya tabasamu lile aliona macho, na macho yalikuwa yanaomba. Yalikuwa macho ya yule mgonjwa aliyekuwa akimwogesha. Loyce akafikiri: ana haya mbele ya wageni na mbele ya ami yake, nikimkatiza sasa nimemvua nguo. Wakiondoka atasema mwenyewe. Damu haiachi kusema.

Kwa hiyo alinyamaza, akaangalia chini. Na mtu akinyamaza mbele ya wazee akaangalia chini, amekiri.

"Sisi," mzee Venanti akasema akiinuka, "mtu akirina asali asifunge mzinga, siafu ndio wanaokula kilichobaki. Mtoto mdogo anajua. Itengenezeni, mtuite." Hakumwangalia Loyce tena. Alipopita mlangoni hakumuaga kwa Kiha wala kwa Kiswahili.

*

Njiani kurudi Murubona Shadia alimshika mkono. "Umeniokoa, shoga. Wallahi umeniokoa. Ningesema mimi ndiye, wangesema tovuti yote mbovu, kazi ingekwenda na maji."

"Utawaambia lini?"

"Nani?"

"Bosi. Na mwenyekiti."

"Kesho. Acha ami apoe kwanza, unamjua."

Kesho yake ami alikuwa bado hajapoa. Siku iliyofuata kulikuwa na wateja wengi. Halafu Nurudini mwenyewe alimwita Loyce, akamwambia bila ukali, na hilo ndilo lililouma, "Binti, mimi si mtu wa kumfukuza mtu kwa kosa moja. Lakini kompyuta uziache. Rudi kwenye kalamu na fotokopi. Kila mtu na kimo chake."

Shadia alikuwepo, anakata risiti, na mkasi haukusimama.

Kwenye mashine ya fotokopi mtu anakaa mgongo kwa ukuta, na toka pale kompyuta ya asali inaonekana vizuri. Loyce aliambiwa asiziguse, hakuambiwa asitazame. Na asubuhi moja, akipanga karatasi, aliona brauza ikifunguka, Mzee Jaribio akiingia, akijaza, akafika kwenye picha, akakwama palepale anapokwama siku zote. Loyce akangoja dirisha libaki. Halikubaki. Lilijifunga, na nyuma yake hakukubaki kitu, skrini ikawa tupu. Likaja jaribio jingine, likapita salama, likajifunga. Jingine likakwama mwanzoni kabisa, nalo likajifunga. Ikawa likisimama, likianguka, mlango unafungwa.

Shadia alikuwa ameifuta ile alama na kuutoa mstari ule mwishoni, akaupeleka mahali ambapo mashine itapita tu, litokee la kutokea. Aliufanya hivyo wakati wa kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa bado inatoa moshi pale mezani.

Hapo ndipo Loyce alipokaa juu ya katoni la karatasi. Siku zote alikuwa amejiambia pengine ni kazi ngumu, pengine Shadia hajui, mtu huficha asichokijua. Kumbe alijua. Kumbe ni kazi ya kikombe cha chai.

Mchana walipobaki wawili akamwambia, "Umeuhamisha."

"Nini?"

"Mstari wa kufunga."

Shadia hakugeuka. "Loyce, mbona tunaanza tena?"

"Sijaanza. Nauliza. Bosi umemwambia?"

"Nimwambie nini, mambo yamekwisha? Tovuti inafunguliwa wiki ijayo. Wamefurahi."

"Na kiti?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki, anaita abiria wa Buhigwe.

"Wametaka mtu haraka," Shadia akasema, sasa akigeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Mimi nitakwenda kuanzisha, halafu nitamwachia Asia. Yule mtoto wa shangazi, si unamkumbuka? Ana cheti cha kompyuta. Wewe baada ya siku ile, mzee Venanti hawezi kukubali, unafikiri ningemwambiaje?"

"Ungemwambia ukweli."

"Wewe una kwenu, Loyce. Una shamba, una mama, ukirudi Muyama utakula. Mimi nikiharibu hapa narudi Ujiji kukaa barazani kwa shangazi nikisimangwa. Wewe umezoea kuvumilia." Akamsogelea, akataka kumshika mikono, ile miwili. "Nikifika Kibondo nikitulia, nitampigia ami nimweleze. Nakuapia."

Loyce aliirudisha mikono yake nyuma, si kwa hasira. Aliirudisha tu, kama unavyoondoa mkono kwenye sufuria lililoanza kupata moto.

"Umenisema darasa la saba," akasema.

"Ilikuwa utani!"

"Wewe ndiye uliyeniambia sogeza kiti."

Shadia alifungasha siku chache baadaye. Aliacha sahani, akaacha godoro, akasema Loyce avitumie. Loyce alimsaidia kubeba begi mpaka kwenye gari kwa kuwa lilikuwa zito na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusimama pale. Waliagana kama watu wanaofahamiana. Mama yake alipopiga simu kuuliza anahamia Kibondo lini, alisema, "Bado, mama," na mama yake, aliyemzaa na kumjua, hakuuliza tena.

*

Tovuti ilifunguliwa. Ile kompyuta ya Kasulu iliendelea kumtuma Mzee Jaribio kila siku, maana Shadia alisema asubiriwe kwanza kabla haijahamishiwa Kibondo. Nurudini hakuijali ilmradi inaunguruma polepole. Wiki zikapita, na Nurudini hakuonyesha dalili yoyote kwamba ameambiwa jambo. Alikuwa mtu wa haki, angeambiwa, angesema. Wateja wa zamani waliomzoea Loyce walikuja na fomu zao za maombi ya kazi, akawaonyesha kwa kidevu upande wa kompyuta, "Huko bosi atawasaidia," na wengine wakauliza kulikoni, akasema hamna kitu.

Siku moja ya mvua, duka tupu, Nurudini anafuta friji ya soda, simu ya Loyce ikaita. Shadia.

"Shoga! Mzima? Nisikilize haraka. Nenda pale kwenye mashine ya asali, uniambie Mzee Jaribio anakwama wapi. Huku picha hazipandi na wanunuzi wapo hapa ofisini, mwenyekiti kanisimamia kichwani. Huyu Asia hajui hata atazame nini. Wewe ukitazama dakika moja utaniambia. Haraka, mpenzi wangu."

Sauti ilikuwa ileile ya chumba cha Murubona, yenye kicheko ndani yake, na Loyce alishangaa jinsi mwili wake ulivyokwisha kuinuka kabla yeye hajaamua. Miguu ilikuwa inakwenda kwenye ile kompyuta. Akasimama katikati ya duka. Toka pale aliiona skrini. Brauza ilikuwa inafunguka, Mzee Jaribio anaingia, anajaza jina. Akaona anapokwama. Alipaona wazi kabisa, na si kwenye picha.

"Umefika?" Shadia akasema. "Anafanyaje?"

"Bosi yuko hapa," Loyce akasema.

"Eeh, msalimie. Amekwama wapi?"

"Yuko hapa karibu yangu, hana mteja. Mwambie nani aliweka ile alama. Mwambie na mwenyekiti, si yuko hapo kichwani pako? Ukimaliza nitakusomea."

Nurudini aliacha kufuta friji.

Kwenye simu palikuwa na sauti za watu, kiti kinaburutwa, na mtu wa mbali akiuliza kwa Kiha kama mtandao umerudi. Loyce aliisikia pumzi ya Shadia ikiingia, ikakaa. Akangoja. Alimpa muda kama aliompa siku ile ya shuka jeupe, mrefu kuliko ule, na safari hii hakuangalia chini.

"Loyce," Shadia akasema kwa sauti ndogo ambayo wazee wa kule wasingeisikia. "Si sasa. Tafadhali. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mimi nilifanyiwa mbele ya watu walewale."

Simu ikakatika.

Pale kwenye skrini dirisha lilijifunga vizuri, likaacha weupe. Nurudini alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, maji yanamdondokea viatuni.

"Nani huyo?"

"Shadia."

"Anasemaje? Alama gani?"

Loyce aliitia simu mfukoni. Angeweza kumweleza yote pale pale, maneno alikuwa nayo, amekuwa nayo tangu siku ile. Lakini alikuwa amelibeba jambo hili peke yake mno, na halikuwa lake kulisema. Na kama lingesemwa na yeye, lingekuwa neno la darasa la saba juu ya mtoto wa kaka.

"Hajasema," akajibu. "Muulize yeye, bosi. Namba yake unayo."

Nurudini akamtazama kwa muda, kisha akaitazama ile kompyuta, kisha mfuko wake mwenyewe wenye simu. Hakuitoa. Mteja akaingia akikung'uta mwavuli, anataka kurudufu cheti cha kuzaliwa, na Loyce akakipokea kwa mikono miwili ili kisilowe.